Kiganja na Sauti

Mtu akiogopa kupoteza kitu hukikaza mkononi. Tabia hii ni ya kale, na katika mambo mengi huleta salama. Lakini simu ya mkononi imenifunza kuwa si katika mambo yote.

Usiku mmoja dada yangu alinipigia simu kutoka kijijini, akamsogezea baba kinywani. Baba alikuwa mgonjwa sana. Sauti yake ilinijia dhaifu, ikakatika, ikarudi. Kila ilipofifia niliifumbata simu kwa mikono miwili, kana kwamba nguvu ya vidole ingemvuta baba karibu. Nilisikia nusu ya maneno yake. Nusu ya pili sikuipata tena, maana hakusema nami baada ya usiku ule.

Baadaye nilisoma habari za mawimbi. Simu huyapokea kwa antena iliyofichwa ndani ya gamba lake, aghalabu upande wa chini, pale pale kiganja kinaposhika. Mwili wa mtu umejaa maji na chumvi. Hunyonya mawimbi hayo. Tena kiganja kikiwa karibu na antena huipotosha, isiitikie vema masafa iliyotengenezewa, kama ngoma iliyowekewa mkono juu ya ngozi. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi. Robo yake ni sentimita 8, kadiri ya upana wa kiganja. Mnara ukiwa karibu, hasara hii haionekani. Ukiwa mbali, yaweza kuamua kama mtu atasikika au hatasikika.

Mafundi mashuhuri nao walipatwa na jambo hili. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 4, ambayo antena yake ilikuwa ukanda wa chuma kisichoshika kutu, uliozunguka simu kwa nje. Mkono ulipofunika ufa mdogo uliokuwa upande wa kushoto, karibu na chini, mapokezi yalipungua. Tarehe 16 Julai, Steve Jobs aliwaambia waandishi wa habari kuwa udhaifu huo umo katika simu nyingine pia, akaahidi wanunuzi vifuniko bila malipo, ili ngozi isigusane na chuma.

Sikilaumu kiganja changu. Kati yangu na baba kulikuwa na vilima, na pumzi yake ilikuwa fupi. Lakini tangu hapo huishika simu kwa ncha za vidole, au huiweka mezani nikaiinamia. Upendo hutaka kukaza mkono. Usikivu hutaka ulegee. Mimi nilijua la kwanza tu.