Pingili za Waridi la Mama

Nimekabidhi kitalu changu kwa wengine. Mtu akishaacha kazi aliyoishika karibu maisha yake yote, hupata nafasi ya kuumaliza ubishi ambao zamani aliukatisha kwa sababu wateja walikuwa wakisubiri. Ubishi wangu ni mmoja. Nashikilia kwamba ua la kumkumbuka marehemu linapaswa kutoka kwenye mmea alioupanda yeye mwenyewe, kwa pingili iliyokatwa ikaoteshwa, na kwamba mtu akiijua kazi hiyo vizuri atapata ndani yake shibe ya moyo ambayo ajira nyingi za Kampala haziwezi kumpa. Wapo wakulima wa maua ninaowaheshimu wanaosema huo ni ung'ang'anizi wa kizee. Nimewasikiliza kwa muda mrefu, na sasa nawajibu.

Ya utotoni ni machache. Nyumba ya kupanga, migomba nyuma, waridi jekundu lenye harufu kali kando ya baraza, shule, kisha ukarani. Mama alipofariki, nyumba ilirudi kwa mwenyewe, nami nikaondoka na matawi ya waridi lake. Matawi yalinifunza kuotesha, kuotesha kukanipa kitalu, na kitalu kikanitoa ofisini. Siyasimulii zaidi, kwa sababu kila mtu ana mama na huzuni yangu haithibitishi chochote. Hoja lazima isimame kwa miguu yake.

Nianze na mmea. Waridi la bustani ni uzao wa mawaridi mengi ya Uchina, Ulaya na Mashariki ya Kati yaliyochanganywa kwa vizazi. Ukipanda mbegu yake, unapata mtoto mwenye sura yake mwenyewe, mara nyingi asiye na rangi wala harufu ya mamaye. Ukiotesha pingili, hupati mtoto. Unapata mmea uleule, ulioanza mizizi mipya mahali pengine. Na usiniambie kwamba hii ni faraja ya kujitungia, maana Uganda nzima inakula kwa njia hiyo. Migomba ya matoke haina mbegu, hupandwa kwa machipukizi, na mkungu unaokatwa leo Masaka umetoka kwenye mgomba ambao mtu aliyekufa zamani za kale aliuchimbua kwa jirani. Kahawa ya robusta haiwezi kujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu zake haziaminiki, ndiyo maana vitalu vya kahawa ya kloni vimeenea nchini: mkulima akiupenda mti, anaukata na kuotesha vipande vyake. Na mutuba, mti unaotoa nguo ya magome, hupandwa kwa gogo la tawi lililochomekwa ardhini. Nguo hiyo ndiyo iliyowasitiri wafu wa Buganda kwa karne nyingi, na ufundi wa kuitengeneza ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Anayedhani kwamba kuotesha pingili za marehemu ni jambo geni, aende akatazame shamba la bibi yake.

Kazi yenyewe ina masharti, na hapa ndipo ugomvi wetu wa kitaalamu ulipo. Mzee aliyenifunza alikuwa amefanya kazi kwenye bustani za mimea za Entebbe, zilizoanzishwa mwaka 1898 ili kuijaribu mimea ya kigeni katika ardhi hii, na alikuwa na kanuni ambazo hakuzilegeza. Tawi la waridi liwe lile lililokwisha kutoa ua, unene wake kama wa penseli. Kipimo ni mwiba: usukume kwa kidole gumba kutoka ubavuni. Ukivunjika safi na kuacha kovu kavu, tawi limekomaa. Ukijikunja, au ukichubuka na ganda lake, tawi ni changa na litaoza. Kata asubuhi mapema, mshazari, chini kidogo ya kifundo, na ncha ya juu uikate bapa ili usije ukalichomeka kichwa chini. Acha majani mawili tu, uyapunguze nusu, ulifunge tawi kwa jani bichi la mgomba kama lina safari. Kavera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea, iwe na matundu ya kutosha, mchanga wa ziwani uoshwe kabla ya kuchanganywa na udongo mweusi, kivuli kiwe chepesi, na maji yawe kidogo lakini mara kwa mara. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, Machi au Septemba. Kila mmea una tabia zake pia. Franjipani ukiipanda siku uliyoikata inaoza kwa utomvu wake, kwa hiyo lazima ilale kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke. Wenzangu husema mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba dawa ya mizizi inauzwa kwenye maduka ya Container Village mjini na kwamba tawi lolote likipakwa dawa na kufunikwa nailoni litaota. Dawa sikuwahi kuikataa. Nasema tu kwamba haikomazi tawi changa, na kwamba mfanyabiashara anayepoteza nusu ya miche yake ana mingine ya kuuza, ilhali mtu mwenye matawi ya mwisho ya mama yake hana pa kuyapata tena. Kanuni za mzee yule zinamfaa huyo wa pili, na ndiye ninayemwandikia.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wasomi: kunakili hakuwezi kuitwa ubunifu, na mwotesha pingili ni mnakili. Nalipa uzito, kwa sababu nchini humu tunayaona mashamba makubwa yanayokata pingili za krisanthemamu na kuzisafirisha kwa ndege hadi Uholanzi hata kabla hazijaota mizizi. Wakataji wale wana mikono myepesi kuliko wangu, na bado wachache wangesema kwamba kazi ile imewajaza moyo. Kwa nini? Mkono ni uleule, mmea ni wa namna ileile. Kinachokosekana ni uamuzi. Mkataji wa shambani hachagui mmea, hajui unakwenda kwa nani, wala hatauona ukichanua. Mtu anayeitengeneza bustani ya marehemu huamua yote. Huamua waridi lisimame wapi na kando yake kuwe na nini, kiasi gani cha harufu kivumilike karibu na dirisha. Huamua hata siku ya kuchanua. Hapa kwetu hakuna baridi kali ya kulilaza waridi, kwa hiyo linachanua kwa amri ya mkasi: likipogolewa leo, baada ya wiki sita hadi nane linatoa maua. Anayetaka maua mekundu siku ya kumbukumbu ya kifo ahesabu kurudi nyuma, apogoe kwa tarehe, aangalie mvua, arekebishe mwaka unaofuata. Mpiga ngoma hakuubuni mdundo alioupokea kwa wazee, na hakuna anayemwita mnakili.

Wafanyabiashara wana pingamizi lao, kwamba duka la maua linatosha. Uganda ilianza kuuza mawaridi ng'ambo kwa wingi miaka ya 1990, na mengi ni yale yenye vichwa vidogo, kwa kuwa joto la kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, halizai kichwa kikubwa kama cha Naivasha iliyo karibu na mita 1,900. Ni biashara nzuri na imewapa watu kazi. Lakini mawaridi ya biashara yamechaguliwa kwa kudumu chomboni na kustahimili safari, na katika uchaguzi huo harufu ilipotea. Waridi la kale la barazani, lile linalonukia hadi barabarani, halipo dukani kwa bei yoyote. Mmea wenyewe ukifa bila kuoteshwa, umekwisha. Shada la maua yaliyokatwa hunyauka kaburini kabla wageni wa mbali hawajarudi makwao, na la plastiki hupauka kwa jua, likawa takataka ambayo hakuna mwanafamilia anayethubutu kuitupa.

Wenye nguvu zaidi ni watetezi wa saruji na vigae. Wanasema kichaka huleta nyoka, na kwamba kaburi lililojengewa ndiyo hati ya familia dhidi ya wanyang'anyi wa ardhi. Hili la ardhi ni kweli, na kwa Buganda ya leo si jambo dogo. Lakini mmea nao ni ushahidi wa kale. Baganda wametumia mmea uitwao oluwaanyi kuonyesha mipaka, na Wachaga wa Kilimanjaro wanapanda sale, mmea wa jamii hiyohiyo, mipakani na kwenye makaburi ya wazee wao. Mimea yote miwili huota kwa kipande cha shina. Saruji na ijengwe pembeni kwa ajili ya mahakama, katikati pabaki udongo. Na anayesema makaburi yenye maua hayawezi kutunzwa katika mvua zetu aende makaburi ya Jinja Road hapa Kampala, kwenye sehemu inayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo ilianzishwa mwaka 1917, na tangu mwanzo ilipanda maua mbele ya mawe ya makaburi ili askari alale karibu na mimea ya kwao. Bi Gertrude Jekyll, mtunza bustani maarufu wa Uingereza, aliichorea mipango ya kupanda, na kwa makaburi ya Wakanada huko Ulaya ilipandwa miti ya mepo iliyotoka kwao. Huko Kigali, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi walikozikwa watu zaidi ya 250,000, nako ipo bustani ya mawaridi. Watu waliobeba msiba mzito kuliko wangu na wako walichagua kitu kinachohitaji mtu arudi kukimwagilia. Nyoka, kwa upande wake, hukaa penye kichaka kilichotelekezwa. Bustani inayopogolewa haimfichi.

Kwa ndugu zangu Waislamu wanaouliza kuhusu dini, jibu langu ni la unyenyekevu. Imepokewa kwamba Mtume aliligawa kuti bichi la mtende akachomeka kila kipande juu ya kaburi, akitaraji waliozikwa humo wapunguziwe adhabu maadamu vipande hivyo havijakauka. Wanazuoni wametofautiana kama tendo hilo lilikuwa lake peke yake au la watu wote, nami si wa kuwaamua. Asiyetaka kupanda kaburini apande nyumbani. Hoja yangu haidai kaburi. Mjini, ambako wengi huwapeleka wafu wao vijijini, bustani ya nyumbani ndiyo inayoonwa kila siku.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la ugonjwa. Mimea iliyo mmoja hufa pamoja. Mnyauko wa bakteria ulipoonekana kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001, ulienea kwa haraka ya kutisha, kwa kuwa migomba yetu yote haikuwa na kinga na visu vyetu viliubeba kutoka shina hadi shina. Waridi la kale nalo linaweza kubeba virusi katika kila pingili. Vijana wa vitaluni wananiambia heri chotara mpya yenye nguvu. Kwa mtu anayetaka kupamba hoteli, ni sawa. Kwa mtu wa kumbukumbu, ugonjwa ni sababu ya kuotesha zaidi: kisu kisafishwe kwa jiki kila unapohama shina, mmea wenye majani yenye mabaka uachwe, na miche igawiwe nyumba nyingi zilizo mbalimbali. Waridi lililoko Bweyogerere likinyauka, lililoko Mbarara litarudisha tawi. Familia zilizotawanyika zinapata kwa njia hiyo sababu ya kupigiana simu isiyohusu madeni wala harusi.

Nanyi vijana mnaouza miche kando ya barabara, nawaambia kwa ukali kwa sababu kazi hii naipenda. Mche uliochomekwa jana na kuuzwa leo kana kwamba una mizizi ni wizi, na mkimfanyia hivyo mfiwa ni zaidi ya wizi. Jifunzeni kuuvuta taratibu mche kabla ya kuuza. Ukishikilia udongo, uko tayari. Jifunzeni kumwuliza mteja mmea ni wa nani. Bustani za zamani za Kololo na Bugolobi zinang'olewa kila mwaka kupisha maghorofa, na tingatinga haliulizi nani alipanda asumini ile. Mtu mwenye mkasi na jani la mgomba akifika siku moja kabla ya tingatinga, ana kazi ya maisha.

Familia nazo zina wakati wao tayari. Kwa Baganda, mazishi hufanyika upesi, na olumbe, shughuli ya kufunga msiba na kumsimika mrithi, mara nyingi huja baada ya miezi kadhaa. Waridi linahitaji wiki sita hivi kutoa mizizi na muda kama huo tena kushika udongo vizuri. Kwa hiyo matawi yakatwe wiki ya mazishi, kabla vyumba havijapangishwa, na mtu mmoja wa nyumbani apewe jukumu hilo kwa jina, kama anavyopewa mwingine jukumu la hema na la chakula. Siku ya olumbe ukoo mzima umekusanyika, na miche iko tayari kugawiwa.