Kipimo kimesema hana. Halafu?

Sisi waandishi wa habari tuna njia mbili tu za kumaliza habari ya mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU: kaambukizwa, au hajaambukizwa. Kama hajaambukizwa, tunaweka picha ya mama aliyegeuka nyuma (sura hatuonyeshi), maneno mawili ya daktari, kwisha kazi. Ni habari njema kweli, sibishi. Dawa zimefanya kazi kubwa mno. Lakini watoto hawa sasa ni zaidi ya milioni 15 duniani, wengi wao wako Afrika, na wiki nzima nimekuwa nasoma habari zao kwa ajili ya makala ya gazeti. Jamani, hadithi hii huwa tunaikata katikati!

Habari yenyewe iko tumboni. VVU hushambulia sana utumbo kwa sababu ndiko kwenye seli nyingi za CD4. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, vipande vya bakteria huvuja na kuingia kwenye damu, na kinga ya mwili inabaki imewaka muda wote kama taa ya barazani iliyosahauliwa mchana kutwa. Huko kuwaka ndiko wataalamu wanakoita inflamesheni. Kwa watu wazima hilo lilionyeshwa tangu 2006. Sasa mtoto ambaye hana kirusi hata kimoja, yeye inamhusu vipi?

Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Port-au-Prince, Haiti, walitoa matokeo ya mama 50 na watoto wao, nusu ya mama hao wakiwa na VVU. Bakteria wa mama wa makundi yote mawili walifanana kwa kiasi kikubwa. Waliotofautiana ni watoto, hasa miezi 6 ya mwanzo. Wakaangalia maziwa. Maziwa ya mama yana sukari fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kazi yake ni kulisha bakteria wake. Yaani mama anampikia hata mgeni asiyemuona. Sukari hizo zilionekana kwenda sambamba na aina za bakteria walioko kwa mtoto.

Halafu Zimbabwe, vijijini Shurugwi na Chirumanzu, kwenye utafiti uitwao SHINE. Matokeo ya 2023, ya watoto 335, yalionyesha kwamba wale wa mama wenye VVU, ingawa wenyewe hawakuambukizwa, walikuwa na bifidobakteria wachache, na matumbo yao yalikuwa na mchanganyiko wa bakteria kama wa mtoto mkubwa kuliko umri wao. Na uchunguzi mwingine wa damu iliyohifadhiwa Harare tangu enzi ambazo mama wengi hawakuwa na ARV, uliwakuta watoto wa namna hii na inflamesheni ya juu zaidi wakiwa na wiki 6 tu.

Nikampelekea mhariri. Akasoma, akatabasamu, akaandika kichwa cha habari palepale: "VVU vyaharibu matumbo ya watoto wazima".

Tukabishana kama nusu saa. Kwanza, utafiti uleule wa Zimbabwe unasema kujua aina za bakteria peke yake hakusaidii sana kutabiri mtoto atakua vipi. Neno "vyaharibu" linatoka wapi? Pili, nikamwambia, bosi, mfikirie mama anayesoma kichwa hicho kwenye daladala, mtoto kampakata. Atafanya nini? Atamwachisha ziwa. Wakati maziwa ndiyo chakula cha hao bifidobakteria, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mama anayetumia ARV ipasavyo anaweza kunyonyesha hadi miezi 24 au zaidi.

Kilichonifurahisha zaidi hakikuwa hata na bakteria. Katika SHINE watoto hawa walipopewa kila siku gramu 20 za siagi ya karanga yenye virutubisho, tangu miezi 6 hadi 18, na mama kufundishwa ulishaji, waliodumaa walipungua kutoka asilimia 50 hadi 40. Vyoo na vifaa vya kunawia mikono havikuwaongezea kimo. Bakteria nao hawakubadilika kwa chakula wala vyoo. Kwa hiyo chakula kilisaidia, lakini si kwa njia ambayo wengi wangeitarajia. Na wanne katika kila kumi bado walidumaa.

Kichwa cha habari bado hatujakubaliana. Miezi 18 ndio umri ambao kwa kawaida mtoto hapimwi tena VVU kama ameshaacha kunyonya. Anaambiwa hana, faili linafungwa. Ndio umri uleule ambao Zimbabwe walikuwa wanapima urefu. Jumatatu naenda kliniki moja hapa mjini kuuliza: siku faili linafungwa, kuna mtu anampima huyo mtoto kimo?