Nimekata kifurushi cha runinga cha mama

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, samahani. Nilikuwa juu ya mabati.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa miaka minne nimekuwa nikimlipia mama kifurushi cha runinga, Sh 1,500 kila mwezi, natuma kwa M-Pesa na kusahau. Majuzi kazi zikanibana, nikasahau hata kutuma. Dekoda ikafunga kila kitu, hata stesheni za nyumbani ambazo hewani ni za bure. Mama hakunipigia. Nilipofika kwake Ruiru jioni moja nikakuta mlango umefungwa. Alikuwa kwa jirani anatazama taarifa ya saa moja. Wiki tatu alikuwa anafanya hivyo. "Sikutaka kukusumbua, najua uko na kazi nyingi."

Jamani, nilijisikia vibaya. Nikatoa simu nilipe palepale, naye akaniuliza, "Kwani zamani tulikuwa tunalipa?"

Hatukulipa. Analogi ilipozimwa mwaka 2015 nilikuwa shule ya upili. Februari ile Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu kwa sababu ya mvutano na serikali, na katika vurugu hizo wengi tukaamini kwamba dijitali maana yake ni kulipa kila mwezi. Sivyo. Kilichobadilika ni namna ya kutuma mawimbi tu. Mkanda wa 8 MHz uliokuwa ukibeba stesheni moja sasa unabeba zaidi ya kumi.

Kinachohitajika ni antena ya UHF na kipokezi cha DVB-T2. Nikageuza runinga nianze kupiga hesabu ya dekoda nyingine. Kumbe DVB-T2 imeandikwa hapo nyuma! Iko ndani ya runinga tangu siku tuliyoinunua. Nina digrii ya kompyuta na nimelipa Sh 72,000 bila kusoma kibandiko. Chekeni tu.

Antena ilinigharimu Sh 1,200 na waya wake. Niliiweka kwanza sebuleni, nikapata stesheni mbili zinazokwama-kwama. Basi nikapanda juu. Mawimbi yetu yanatoka minara ya Limuru, yaani upande jua linakotua, lakini hapo katikati kuna ghorofa. Nazungusha bomba, mama yuko chini anapiga kelele: "Imekuja! Imepotea! Bado!" Enzi za analogi ungeona chenga chenga ukajua unakaribia. Dijitali haikuonyi: picha ni safi kabisa, kisha ghafla hakuna kitu. Kabla ya hapo mashine inasahihisha makosa kimyakimya kwa misimbo iitwayo LDPC, aliyoibuni Robert Gallager huko MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta za wakati ule hazikuiweza, ikakaa miaka zaidi ya thelathini bila kutumiwa sana. Nilimweleza mama hayo kutoka juu. Akasema nishuke nisije nikaanguka.

Niliposogeza bomba hadi pembe ya jikoni zikaingia zaidi ya 40. Nyingine ni za mahubiri na matangazo ya dawa, nisiwadanganye. Lakini taarifa yake ya habari ipo.

Kilichopotea ni mpira. Ligi Kuu ya Uingereza nilikuwa naitazamia kwa mama kila Jumamosi. Nikamwambia kwa mzaha kwamba sasa nitakuwa naenda kibandani na vijana. Akanyamaza kidogo. "Mimi nilikuacha ulipe kwa sababu ya huo mpira wako. Ndio ulikuwa unakuleta."

Sikujua niseme nini. Nikaenda kurudisha ngazi ya jirani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Tulitazama kipindi fulani cha kupika, rimoti ameishika yeye. Upepo umelegeza bomba tena, kwa hivyo Jumamosi hii narudi na misumari.