Manjano ya Shangazi

Shangazi yangu wa Jericho alipomaliza tiba ya miale ya saratani ya titi, sote tulishukuru Mungu. Kumbe! Baada ya miezi minne kikohozi kikavu kikamwandama, akawa hawezi kutoka sokoni hadi nyumbani bila kupumzika njiani. Majirani wakanong'ona ati ni TB. Muuza viungo mmoja akamshauri, "Dada, kunywa manjano na maziwa. Kliniki ya nini?" Shangazi akakubali.

Mimi, mjuaji wa Fomu Tatu, nikamwendea mwalimu wa bayolojia. Akanieleza kuwa miale huunguza pia pafu lililo nyuma ya titi. Kwanza huja uvimbe, ambao una dawa. Kisha kovu gumu, lisilotanuka mtu avutapo pumzi. Na manjano si uchawi: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza jinsi walivyowalisha panya kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi yake, wakawapiga miale kifuani. Makovu yakapungua. "Lakini hao ni panya," akasema. "Sisi tukiinywa, nyingi hupita tumboni bila kuingia damuni."

Jioni nikamsimulia shangazi yote.

"Kwa hivyo mimi ni panya?" Akacheka mpaka akakohoa.

"La, shangazi. Ndiyo maana twende kliniki."

Alininunia siku mbili nzima. Jumanne tukapanda matatu pamoja. Daktari alipomwuliza anatumia dawa gani nyumbani, shangazi akanitupia jicho, kisha akajibu polepole, "Manjano."