Corolla 110 na mshahara wa mwandishi

Wapo wanaoniuliza kwa nini siuzi hii Corolla 110. Jamani, mshahara wa mwandishi si mnaujua? Halafu magari haya yametoka kiwandani miaka ya 1990 na mpaka leo yanakata mitaa ya Dar, spea zake zimejaa Gerezani, mpya na za mtumba. Kazi iko kwa mafundi.

Juzijuzi shida ilikuwa kuchemsha. Kwenye foleni ya Mwenge mshale wa joto unapanda mpaka jasho linanitoka mimi. Lakini nikishika njia ya Chalinze, mshale unatulia katikati safari nzima. Nikalipeleka gereji moja ya kisasa, ile ya kusubiri kwenye kochi na kupewa soda (jina naliacha). Hawakuniuliza hata swali moja. Boneti juu, vichwa vikatikiswa, nikaambiwa gasketi ya hedi imekwisha, injini ifunguliwe: sh. 450,000, spea mbali. Loh!

Nikaenda Ilala, kwa fundi wa chini ya mwarobaini. Mtu mzima, ovaroli limeloa oili. Hakugusa spana.

"Dada, ukiwa safari ndefu nalo linachemsha?"

"Hapana, fundi. Foleni tu."

"Basi liwashe, tusubiri."

Injini ikapata moto, feni ya rejeta kimya. Akaivutia waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, wapi! Mota imekufa. Akanieleza kwamba gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unapoza rejeta wenyewe. Kwenye foleni hakuna upepo, hapo tegemeo ni feni. Kumbe jibu lilikuwa kwenye maelezo yangu, ila kule kwenye soda hakuna aliyeyataka.

Tukaenda wote Gerezani. Feni ya mtumba sh. 40,000, na kabla sijatoa hela akataka iunganishwe na betri tuione inazunguka, maana spea ya mtumba ukishatoka nayo dukani hakuna anayekujua. Ufundi wake sh. 15,000. Themostati hakuigusa. Wenzake wengi wangeing'oa, ndiyo dawa maarufu mjini kwa gari linalochemsha. Injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na feni mbovu inabaki pale pale.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alitenganisha bei ya spea na bei ya mikono yake. Fundi akikupa jumla moja, hujui unalipia kitu gani wala umuulize nini.

Wiki ijayo ananibadilishia mkanda wa taimingi, kwa sababu aliyeniuzia gari hakukumbuka ulibadilishwa lini. Kasema mkanda nikanunue mwenyewe, na ule wa zamani atanikabidhi mkononi.