Wiki Mbili kwa Mwaka

Kama hujamaliza Crash Landing on You, ishia hapa. Mimi nimezimaliza episodi zote 16, na bado nabishana na wanaosema mwisho wake ni mtamu. Mtamu wapi? Jeong-hyeok anarudishwa Korea Kaskazini. Se-ri anabaki Seoul na meseji alizomwandalia mapema, zikimfikia mojamoja mwaka mzima. (Hapo nililia, sifichi.) Baadaye wanakutana Uswisi, na tangu hapo wanapata wiki mbili tu kila mwaka. Mwandishi, Park Ji-eun, angeweza kumwacha jamaa abaki Kusini, sisi tukashangilia. Hakutaka. Mpaka kauacha palepale, na Se-ri, pamoja na utajiri wake wote, hawezi kununua wiki ya tatu. Jana nimeanza tena episodi ya kwanza.