Ngazi na mafiga

Kwa miaka mingi wataalamu wa nishati walikuwa na picha moja waliyoipenda: ngazi. Chini kabisa kuna kuni, juu yake mkaa na mafuta ya taa, kileleni gesi na umeme. Kaya ikipata hela inapanda, na ikishapanda haiangalii nyuma. Kazi yangu ya uandishi wa habari imeniingiza kwenye majiko mengi, lakini la namna hiyo sijalikuta bado.

Jiko ninalolijua zaidi ni la mama yangu, Morogoro. Uani, chini ya bati, kuna mafiga matatu. Pembeni kuna jiko la mkaa. Na sebuleni umekaa mtungi wa gesi wa kilo 6 tuliomnunulia sisi watoto, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Gesi ni ya chai ya asubuhi na ya mgeni wa ghafla. Maharage ni ya mkaa. Makande ni ya kuni. Kama ngazi ipo, basi mama kasimama kwenye vipandio vyote kwa wakati mmoja.

Mwaka 2000, Omar Masera na wenzake, waliochunguza majiko ya vijijini Mexico, waliandika jambo hilohilo: kaya hazihami kutoka nishati moja kwenda nyingine, zinaongeza mpya juu ya ile ya zamani. Wahenga wetu walishamaliza: figa moja haliinjiki chungu.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu tunalolikimbilia sisi tuliosoma ni elimu, eti watu hawajui madhara ya moshi. Mama anayajua. Anayakohoa. Kinachoamua ni namna hela inavyoingia. Mama anauza mboga, na hela yake huja vipande vipande, elfu mbili leo, elfu tatu kesho. Mkaa nao unauzwa hivyohivyo, kwa kopo, kwa kisado, hata wa buku unapata, na muuzaji ni jirani anayekubali kukopesha. Gesi ya mita, ya kulipia kidogokidogo kwa simu, imeshaonekana Dar es Salaam na Nairobi, ila mtaani kwa mama haijafika. Kwake kujaza mtungi kunataka zaidi ya shilingi 20,000 zitoke kwa mkupuo, bado hujamlipa bodaboda. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, huenda mkaa ndio ukawa ghali. Lakini tumbo halingoji mwisho wa mwezi.

Halafu kuna suala la nani ana kauli. Katika nyumba nyingi anayepika si anayeshika hela. Mzee mmoja kijijini aliwahi kuniambia, kwa fahari kabisa, kwamba kwake kuni ni za bure. Mkewe alikuwa anaingia uani wakati huohuo na mzigo kichwani. Hakusema kitu, aliutua tu.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nililipokea vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 pekee, kwa hiyo hili si jambo la mapambo. Ila tuangalie kwa majirani pia. Julai 2021 Kenya iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa. Aliyekuwa ametupa jiko lake la mkaa kabla ya hapo alipata somo, na aliyelitunza akajiona ana akili.

Ndiyo maana siku daktari alipomwambia mama akae mbali na moshi, na dada akataka tuyang'oe mafiga siku hiyohiyo, mama hakubishana. Aliuliza tu: "Haya wanangu, gesi ikikata tarehe ishirini, nani atakuwepo?"

Tulitazamana. Lilikuwa swali la bajeti, na hakuna kampeni ya nishati niliyowahi kuiripoti iliyolijibu.

Sasa tunamtumia hela ya gesi peke yake, katikati ya mwezi, haichanganywi na ya dawa wala ya umeme. Makande yamehamia kwenye mkaa, mboga na wali vimehamia kwenye gesi. Maharage bado tunajadiliana. Kikohozi kimepungua usiku, mchana kipo. Mafiga hatujayagusa, na siku hizi hakuna anayemwambia ayaondoe. Atayaondoa mwenyewe, siku atakapoamini kwamba hatayahitaji tena.